Gavana wa ng'ambo ya Horohoro, na maswali mengine ya katiba

Barua za toleo hili zimetoka mkoa mmoja, Tanga: mpakani, bandarini, mjini na milimani. Tulipozisoma kwa pamoja tuliona zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: madaraka haya yaliyo karibu nasi ni yetu, au tumeazimwa? Hilo ndilo swali lenyewe la shirikisho, yaani nchi ambayo madaraka ya serikali za sehemu zake yamelindwa na katiba, ndiyo maana tumezijibu kwa mfuatano.

Hamjambo wahariri. Mimi ni mkazi wa Duga Maforoni, na shemeji zangu wako Kwale, ng'ambo ya Horohoro. Wao humpigia kura gavana. Sisi Mkuu wa Mkoa tunasikia kwenye taarifa ya habari kwamba ameteuliwa. Je, Kenya ni shirikisho na sisi siyo? Na gavana ndiye mkuu wa mkoa wao?

Hatujambo, ndugu yetu. Tuanze na la pili, maana ndilo linalowachanganya wengi wa mpakani. Gavana si mkuu wa mkoa wao. Pale Kwale yuko pia kamishna wa kaunti, anayeteuliwa na serikali ya taifa kuratibu shughuli zake na kusimamia usalama. Huyo ndiye anayefanana na Mkuu wa Mkoa wetu. Gavana hana polisi hata mmoja. Nyongeza ya Nne ya Katiba ya Kenya imemwachia kilimo, zahanati na hospitali za kaunti, masoko, barabara za kaunti na elimu ya chekechea. Shule za msingi na sekondari, polisi, uhamiaji na hospitali kuu za rufaa ni za serikali ya taifa. Basi shemeji zako wakikosa mwalimu wa darasa la nne, kumlaumu gavana ni kumwonea. Zahanati ya kaunti ikikosa dawa, hapo ndipo mlango wa kugonga.

Sasa la kwanza. Kenya si shirikisho. Walijaribu majimbo kwa katiba ya uhuru ya 1963, na muda mfupi baadaye yakavunjwa. Katiba yao ya sasa, iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, imeunda nchi moja yenye serikali ya taifa na serikali 47 za kaunti, na mpango huo wenyewe wanauita ugatuzi. Lakini usilidharau neno hilo. Ukitaka kuipima nchi yoyote, acha jina lake, uliza hivi: mkubwa akitaka kumpunguzia mdogo madaraka, anahitaji ridhaa ya nani?

Kwa Kenya jibu ni refu. Ibara ya 255 inasema muundo wa ugatuzi haubadilishwi na Bunge peke yake. Lazima kura ya maoni, tena angalau asilimia 20 ya wapiga kura walioandikishwa wajitokeze katika nusu ya kaunti au zaidi, na upande wa mabadiliko upate wingi wa kura. Mipaka ya kaunti nayo haiguswi mpaka tume huru ipendekeze, kisha theluthi mbili ya Bunge la Taifa na theluthi mbili ya ujumbe wa kaunti katika Seneti wakubali.

Kwetu jibu ni fupi. Ibara ya 61 ya Katiba ya 1977 inamweka Mkuu wa Mkoa, na kwa upande wa Bara huteuliwa na Rais. Ibara ya 2 inampa Rais uwezo wa kuigawa nchi katika mikoa na wilaya kwa utaratibu wa sheria. Ndivyo ilivyozaliwa mikoa ya Katavi, Simiyu, Geita na Njombe mwaka 2012, na Songwe mwaka 2016. Hakuna baraza la mkoa lililopiga kura kukubali au kukataa, kwa sababu mkoa wetu hauna baraza la kuchaguliwa. Mkoa ni mkono wa Serikali Kuu, na mkono hauombwi ridhaa.

Halmashauri ni jambo jingine kidogo. Hizi zina madiwani wa kuchaguliwa, na ibara za 145 na 146 zinazitaja. Lakini hata Meya wa Jiji la Tanga huchaguliwa na madiwani wenzake, si na wakazi moja kwa moja, na Mkurugenzi wa Jiji huteuliwa. Muhimu zaidi ni mfuko. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulitolewa kwa halmashauri ukapelekwa Mamlaka ya Mapato (TRA), na tangu 2021 mwananchi anailipa anaponunua umeme wa LUKU. Sheria ya kawaida ya Bunge ilitosha kufanya hivyo. Hatusemi ilikuwa vibaya au vizuri. Wapo wanaoona makusanyo yamekuwa mepesi. Tunachosema ni kwamba katika shirikisho jambo hilo lingegonga ukuta.

Kenya nako ukuta wa fedha una nyufa. Ibara ya 203 inazihakikishia kaunti zote kwa pamoja si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Soma maneno yanayofuata: ni mapato ya hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Taifa. Ukaguzi ukichelewa, asilimia 15 inapigwa juu ya mapato ya zamani, ambayo ni madogo. Kisha fedha lazima zigawanywe baina ya kaunti zenyewe, na mwaka 2020 Seneti ilikwama miezi kadhaa juu ya kanuni ya mgao. Gavana wa kuchaguliwa asiye na fedha mkononi hana la kuwaonyesha shemeji zako isipokuwa ofisi.

Nachukua vyombo na vitambaa Pemba, navishusha Tanga, nauza Mabawa. Kodi nimelipa kule, nikifika huku naulizwa tena. Nchi si moja? Wazee husema fahali wawili hawakai zizi moja. Serikali mbili zinakaaje?

Pole kwa safari, mama. Fahali wawili hukaa zizi moja likiwekewa ukuta katikati, na katika katiba ukuta huo ni orodha. Yetu iko mwishoni mwa Katiba, inaitwa Nyongeza ya Kwanza, yenye Mambo ya Muungano. Mwaka 1964 yalikuwa 11, leo ni 22. Kisichokuwamo humo si cha Muungano: kwa Zanzibar kinasimamiwa na Serikali ya Mapinduzi na Baraza la Wawakilishi, na kwa Bara kinasimamiwa na Serikali ya Muungano hiyo hiyo, kwa mujibu wa ibara ya 34.

Sasa chukua orodha hiyo na mzigo wako. Ushuru wa forodha umo. Kodi ya mapato imo. Kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, haimo. Ndiyo maana Bara ina sheria yake ya VAT chini ya TRA, na Zanzibar ina sheria yake chini ya ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, huku TRA hiyo hiyo ikikusanya forodha na kodi ya mapato hata Unguja na Pemba. Ibara ya 138 imelisema waziwazi: hakuna kodi bila sheria, lakini sharti hilo halilizuii Baraza la Wawakilishi kutoza kodi zake. Kwa hiyo nchi ni moja, ila mtungaji wa sheria ya VAT si mmoja.

Unapoulizwa malipo bandarini, usianze kwa "nimeshalipa". Anza kwa "ni kodi ipi?" Ikiwa ni forodha, onyesha nyaraka za TRA za upande wa pili, ni mamlaka ile ile, na kama kuna tofauti inayodaiwa, mwombe ofisa akuandikie kiwango na kifungu. Ikiwa ni VAT, onyesha risiti ya Zanzibar na uulize sheria ya Bara inaihesabu vipi. Beba pia orodha ya mzigo yenye idadi na bei ya kununulia. Wafanyabiashara wengi hukwama si kwa sababu ya sheria mbili, bali kwa sababu risiti moja imeandikwa "bidhaa mchanganyiko" na hakuna anayeweza kusema kilicholipiwa ni kipi.

Usidhani kila kilichomo kwenye orodha kinaendeshwa pamoja. Jambo la 11 linataja bandari. Hata hivyo Tanga iko chini ya Mamlaka ya Bandari Tanzania, na Wete na Mkoani ziko chini ya Shirika la Bandari la Zanzibar. Orodha inasema hivi, mazoea yanasema vile, na pengo la namna hiyo ndilo linaloleta manung'uniko kila mwaka. Nchi nyingine hupunguza pengo kwa kuwa na orodha zaidi ya moja. India ina tatu: ya Muungano, ya majimbo, na ya mambo ya pamoja ambayo wote wawili hutungia sheria, na wakigongana ya Muungano hushinda kwa kawaida. Nigeria ina ya shirikisho peke yake na ya pamoja. Kisichotajwa popote kinakwenda kwa nani? India na Kanada wanakipeleka serikali kuu. Marekani, kwa Marekebisho ya Kumi ya 1791, kinabaki kwa majimbo au kwa watu. Maneno machache hayo yana uzito kuliko kurasa nyingi, kwa sababu mambo mapya huzaliwa kila siku. Waliotunga katiba ya Marekani mwaka 1787 hawakuijua simu wala redio.

Na ukuta ukibishaniwa? Ibara ya 126 imeunda Mahakama Maalum ya Katiba, nusu ya wajumbe wakiteuliwa na Serikali ya Muungano na nusu na Serikali ya Mapinduzi, na uamuzi unahitaji theluthi mbili ya kila upande. Kazi yake ni usuluhishi baina ya serikali hizo mbili tu. Tangu iandikwe haijawahi kuketi kusikiliza shauri. Tunaliona hilo kuwa udhaifu mkubwa. Mwamuzi asiyeingia uwanjani huwaacha wachezaji wamalize ugomvi kwa vikao, na vikao havitoi hukumu inayoweza kusomwa na mfanyabiashara wa Mabawa. Afrika Kusini wana Mahakama ya Katiba inayofanya kazi, na mikoa yao tisa inakwenda huko. Ethiopia kazi ya kutafsiri katiba wameipa Baraza la Shirikisho, ambalo ni chombo cha wanasiasa. Wakosoaji wake wanasema mchezaji amepewa filimbi.

Shikamooni. Ni mwanafunzi wa kidato cha tano, Lushoto. Mwalimu ametuambia Katiba hubadilishwa kwa theluthi mbili. Theluthi mbili ya nani?

Marahaba, mwanetu. Swali lako ni zuri kwa sababu wengi hukosea hapo. Ibara ya 98 inasema theluthi mbili ya wabunge wote, si ya waliohudhuria. Mbunge aliyesafiri au aliyelala nyumbani amehesabika kama aliyekataa.

Tena kuna ngazi mbili. Mabadiliko ya kawaida yanahitaji theluthi mbili ya wabunge wote. Lakini kuna mambo manane katika Orodha ya Pili ya Nyongeza ya Pili: kuwapo kwa Jamhuri ya Muungano, kuwapo kwa ofisi ya Rais, madaraka ya Serikali ya Muungano, kuwapo kwa Bunge, madaraka ya Serikali ya Zanzibar, Mahakama Kuu ya Zanzibar, orodha ya Mambo ya Muungano, na idadi ya wabunge wanaotoka Zanzibar. Hayo yanahitaji theluthi mbili ya wabunge kutoka Bara na theluthi mbili ya wabunge kutoka Zanzibar, kila kundi peke yake.

Piga hesabu kwa namba za mfano. Bunge lina wabunge 390, kati yao 80 wanatoka Zanzibar na 310 Bara. Kwa mabadiliko ya kawaida zinatakiwa kura 260. Wabunge wa Bara wakikubaliana wote, wanatosha bila Mzanzibari hata mmoja. Kwa jambo la Orodha ya Pili, zinatakiwa 207 za Bara na 54 za Zanzibar. Wazanzibari 27 wakikataa, hata wa Bara wote 310 wakisimama na kupiga makofi, muswada umekufa. Hiyo ndiyo tabia ya shirikisho ndani ya katiba isiyojiita shirikisho. Ndiyo maana tunasisitiza: soma ibara ya mabadiliko kabla ya kusoma ibara ya kwanza.

Linganisha na kwingine uone ugumu unavyopanda. Nigeria: theluthi mbili ya mabunge yote mawili ya taifa, kisha majimbo 24 kati ya 36. Marekani: theluthi mbili ya mabaraza mawili ya Bunge, kisha majimbo 38 kati ya 50, maana yake 13 yanatosha kuzuia. Marekebisho yao ya 27 yalipendekezwa 1789 yakakamilika 1992. Australia: kura ya maoni ishinde nchi nzima na ishinde pia katika majimbo manne kati ya sita. Ujerumani imekwenda mbali zaidi: kifungu cha 79 cha Sheria yao ya Msingi ya 1949 kinakataza kabisa kufuta mgawanyo wa nchi katika majimbo, hata kwa kura zote.

Kwa mtihani wako kumbuka pia India, maana inavunja kanuni. Inaitwa shirikisho, lakini Bunge lake linaweza kuchora upya mipaka ya majimbo kwa wingi wa kawaida. Maoni ya jimbo husika huulizwa, si ridhaa yake. Bunge la Andhra Pradesh lilikataa muswada wa kuligawa jimbo lao, na Telangana ikazaliwa hata hivyo tarehe 2 Juni 2014.

Mzee wa Chumbageni hapa. Serikali tatu za Tume ya Jaji Warioba zingetufanya shirikisho kamili? Na kwa nini zilikwama?

Shikamoo mzee wetu. Kwa jambo la kwanza, ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Rasimu za 2013 zilipendekeza Serikali ya Tanganyika irudi peke yake, Zanzibar ibaki na yake, na ya Muungano iwe juu ya zote ikiwa na mambo saba tu: Katiba na mamlaka ya Jamhuri ya Muungano, ulinzi na usalama, uraia na uhamiaji, sarafu na Benki Kuu, mambo ya nje, usajili wa vyama vya siasa, na ushuru wa bidhaa pamoja na mapato yasiyo ya kodi yanayotokana na mambo hayo. Wazo lenyewe halikuwa geni. Tume ya Jaji Nyalali ililipendekeza mapema miaka ya 1990, na mwaka 1993 kundi la wabunge 55 lilidai Serikali ya Tanganyika bungeni.

Tatizo linalotibiwa na serikali tatu ni la kweli. Leo Serikali ya Muungano ina kofia mbili kichwani: ya Muungano na ya Bara. Waziri wa kilimo wa Muungano kwa hakika ni wa Bara tu, kwani kilimo si cha Muungano, lakini sheria yake hupitishwa na Bunge lenye wabunge kutoka Pemba. Mzanzibari naye huuliza anapoona bajeti ya Muungano: hapa ni wapi panapokwisha Muungano na kuanza Tanganyika? Wote wawili wana haki ya kuuliza.

Hoja nzito dhidi ya serikali tatu ilikuwa mfuko, mzee. Serikali ya juu ingekuwa na jeshi, polisi na balozi, lakini ingetegemea ushuru wa bidhaa, mapato yasiyo ya kodi, mikopo na michango ya washirika. Mshirika mmoja angekuwa na sehemu kubwa mno ya watu na uchumi. Akichelewesha mchango, askari halipwi. Mashirikisho ya washirika wawili tu wasiolingana ni magumu kuyaendesha popote duniani, kwa kuwa hakuna wa tatu wa kuvunja sare. Anayetaka serikali tatu lazima alete kwanza jibu la kodi ya mapato na forodha zitakusanywa na nani.

Kuhusu kukwama: Bunge Maalum la Katiba lilianza Februari 2014, na Machi likamchagua Samuel Sitta kuwa mwenyekiti wake. Aprili mwaka huo wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walitoka. Waliobaki walirudisha muundo wa serikali mbili na kupitisha Katiba Inayopendekezwa tarehe 2 Oktoba 2014, kwa sharti lile lile la theluthi mbili ya kila upande. Kura ya maoni iliyopangwa 30 Aprili 2015 iliahirishwa, nayo haikufanyika. Wakati huohuo Katiba ya Zanzibar ilikwisha badilishwa mwaka 2010, ikisema Zanzibar ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri, na kumpa Rais wa Zanzibar uwezo wa kuigawa Zanzibar katika mikoa. Ya Muungano inasema Tanzania ni nchi moja, na mgawaji ni Rais wa Muungano baada ya kushauriana na mwenzake. Katiba mbili zinazosema mambo mawili, na mwamuzi wake ni ile mahakama isiyoketi.

Nimefanya kazi majahazini hadi Ngazija, Komoro. Kule urais ulikuwa wa zamu kwa visiwa, na kulikuwa na vita vya kujitenga. Sehemu ya shirikisho ina haki ya kujitoa?

Katika mashirikisho mengi, la. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 1869, katika shauri la Texas, kwamba muungano ule hauvunjwi na jimbo moja kwa uamuzi wake. Katiba inayojulikana zaidi kwa kuruhusu ni ya Ethiopia ya 1995, ibara ya 39: theluthi mbili ya bunge la kabila au jamii inayotaka kujitoa, kisha kura ya maoni ndani ya miaka mitatu, kisha makabidhiano na mgawanyo wa mali. Kisiwa cha Nevis katika Karibi kina haki hiyo pia. Mwaka 1998 asilimia 61.8 walitaka kujitoa kutoka Saint Kitts, na kwa kuwa kiwango ni theluthi mbili, walibaki. Watu wakakubali matokeo, kwa sababu kipimo kiliandikwa kabla ya ugomvi.

Komoro kipimo hakikuwapo. Visiwa vya Nzwani na Mwali vilitangaza kujitenga mwaka 1997. Mapatano ya Fomboni ya 2001 yalizaa katiba ya Muungano: kila kisiwa na rais wake, na urais wa juu ukizunguka kwa zamu, Ngazija, Nzwani, Mwali. Zamu iliwatuliza, kwani kila kisiwa kilijua mwaka wake unakuja. Lakini serikali nne kwa nchi ndogo hivyo zilikula fedha, na marais wa visiwa walijiona sawa na rais wa Muungano. Kiongozi wa Nzwani, Mohamed Bacar, alifanya uchaguzi wake mwaka 2007 bila idhini. Machi 2008 majeshi ya Umoja wa Afrika, wakiwamo askari wetu wa JWTZ, yaliteka kisiwa na yeye akakimbilia Mayotte. Mwaka 2009 marais wa visiwa wakateremshwa kuwa magavana. Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ilisimamishwa, kisha kura ya maoni ikaruhusu rais aliyeko madarakani kuongeza kipindi kabla ya zamu kuhama. Tazama mfuatano huo: aliondolewa kwanza mwamuzi, ndipo zamu ikaguswa.

Shirikisho la Afrika Mashariki lini?

Mkataba wa 1999 umepanga ngazi nne: umoja wa forodha, ulioanza 2005, soko la pamoja, 2010, umoja wa sarafu, ambao itifaki yake ilitiwa saini 2013, na mwisho shirikisho la kisiasa. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walikubali kwamba mfano wa mpito uwe konfederesheni, yaani kila nchi inabaki na mamlaka yake kamili na kukabidhi mambo machache kwa hiari. Mpaka sarafu moja ipatikane, kuuliza tarehe ya shirikisho ni kuuliza bei ya samaki aliye baharini.

Nilipakia magunia manane ya mahindi kutoka Handeni kuja mjini. Kwenye geti la halmashauri moja njiani nilitozwa ushuru, nikapewa karatasi tu. Walisema ni sheria ndogo. Je, sheria ndogo ina nguvu kuliko Bunge?

Hapana kabisa. Ngazi ni hizi: Katiba, kisha sheria ya Bunge, kisha sheria ndogo. Ibara ya 138 inataka kila kodi iwe na sheria ya Bunge nyuma yake, na sheria ndogo hupata pumzi kutoka humo. Sheria mama ya ushuru wa mazao ni Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290. Mwaka 2017 ukomo wake ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mkulima akaruhusiwa kuvusha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine bila ushuru huo. Viwango huweza kuguswa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, kwa hiyo tazama ya mwaka huu. Magunia manane ya kilo 100 ni kilo 800. Magunia ya lumbesa ni hesabu nyingine: yakifika kilo 130 kila moja umevuka tani, kwa hiyo mzigo upimwe mizani, usikadiriwe kwa macho.

Hatua ya kwanza, uliza jina la sheria ndogo na namba ya Tangazo la Serikali. Sheria ndogo ya halmashauri ya wilaya lazima itangazwe kwa wakazi ili watoe pingamizi, ipitishwe na baraza la madiwani, iidhinishwe na Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, na ichapishwe kwenye Gazeti la Serikali. Ya kijiji hupita mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Ikikosa hatua mojawapo, ni karatasi. Makosa yanayoonekana mara nyingi ni mawili: sheria ndogo ya zamani yenye kiwango kilichokwisha shushwa na Bunge, na wakala wa kukusanya anayetumia jedwali lake mwenyewe.

Kisha andika barua kwa Mkurugenzi, nakala kwa diwani wa kata yenye geti na kwa Mkuu wa Wilaya. Taja tarehe, saa, namba ya gari, uzito na kiasi ulichotozwa, na uombe kurejeshewa. Wakinyamaza, unaweza kuomba Mahakama Kuu, Kanda ya Tanga, ipitie uamuzi huo. Ombi la kibali cha mapitio lifike ndani ya miezi sita tangu siku ya tukio. Ukitaka kufungua kesi ya madai badala yake, toa kwanza notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, maana tangu 2020 sharti hilo linahusu halmashauri pia.

Karatasi uliyopewa usiitupe. Malipo ya halmashauri hutolewa risiti ya mashine yenye namba. Karatasi isiyo na namba ndiyo kielelezo chako cha kwanza. Ipige picha leo, kabla wino haujafifia.